Karatasi inabanduka kwenye sanamu ya nguo

Dada, umeuliza kwa nini karatasi unazobandika kwenye ile sanamu yako ndogo ya kuvalishia nguo zinakunjamana kiunoni na kubanduka, na uipambe vipi ikae mbele ya duka lako la ushonaji hapo Majengo.

Shida ni ukubwa wa vipande. Karatasi pana haiwezi kulala juu ya umbo linalojipinda huku na huku, lazima ifanye makunyanzi. Chana vipande vyembamba kama kidole, tena kwa mkono, mkasi weka kando. Ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi na unazama kwenye mwenzake; ukingo wa mkasi unaacha mstari ambao hata rangi haiufichi. Kiunoni vipange mshazari.

Halafu kiangazi cha Dodoma, upepo ni mkavu mno. Gundi nyeupe inakauka juu kabla haijashika. Izimue kwa maji kidogo, paka chini ya kipande na juu yake, kisha sukuma hewa itoke kuanzia katikati. Anikia ndani, mbali na dirisha, maana vumbi likinasa halitoki.

Kwa mapambo, ningekushauri utumie karatasi za kaki za paterni zako mwenyewe, yaani zile unazokatia nguo, zenye alama za penseli. Kwa fundi hakuna pambo zuri kuliko hilo! Sketi iwe ya mabaki ya vitenge: shona marinda kwenye utepe kwanza, ndipo uugundishe. Lesi na vifungo viwe vichache. Karatasi yenye maandishi ya wino ijaribu pembeni kwanza, wino mwingine huvuja ukilowa.