Kitenge ni Kilekile, Ugomvi ni Mshono

Kijana mmoja wa Masasi kaniandikia wiki iliyopita. Kapata kazi ya maktaba kwenye chuo kikuu cha Kikristo huko bara, ni transijenda kama mimi, na anauliza aende au asiende. Tumeongea kwa simu mpaka salio likakata, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika hapa.

Mimi nimezaliwa Newala, nikalelewa binti, nikachezwa unyago kama mabinti wote wa Kimakonde. Leo naishi Mtwara mjini, Shangani, kama mwanaume. Katikati hapo kuna miaka minne ya kazi kwenye chuo cha namna hiyo, mbali na huku. Jina lake litabaki kwangu.

Kiswahili kina huruma, mdogo wangu. "Yeye" ni yeye tu. Watu watakujadili kikao kizima na neno lisikuchome. Yanayochoma ni dada, mama, shemeji. Kule kila mfanyakazi wa kike aliyekwisha kukomaa kidogo huitwa mama, hata kama hana mtoto. Mimi nilikimbilia kwenye cheo. Niliposhika dawati la kuazimisha vitabu nikawa nawafundisha wanafunzi kutafuta vitabu kwenye kompyuta, wakaanza kuniita Mwalimu, na wenzangu wakafuata. Sikusahihisha mtu. Hilo "Mwalimu" lilinibeba miaka mitatu.

Halafu kuna sare. Kila mahafali tuligawiwa kitenge. Mwaka wa kwanza nilishona gauni kama akina mama wengine, nikapigwa picha. Ipo mpaka leo ukutani kwa mama yangu, sijapata ujasiri wa kumwomba aitoe. Mwaka wa pili nikasoma tangazo la ubaoni vizuri: lilitaja kitenge, halikutaja mshono. Nikaja nacho likizo, nikampelekea fundi mmoja Mikindani.

Akapima mabega, akaning'iniza futi shingoni. "Shati au blauzi?"

"Shati. Mikono mirefu, mfuko mmoja."

Akaandika kwenye daftari lake. Swali lililofuata lilikuwa vifungo vya rangi gani.

Siku ya mahafali mwenyekiti wa kamati alinikagua kuanzia kola kushuka chini, akakuta kitambaa ni chenyewe, akaenda zake. Kwa hiyo uliza kilichoandikwa, mazoea yaache kwa wenyewe. Na kabla ya kusaini mkataba tafuta mahali palipoandikwa "mwenendo wa Kikristo", uone wamefafanua nini.

Sasa kosa langu. Nilimweleza kasisi wa chuo. Alinisomea Isaya 56, pale Mungu anapowaahidi matowashi nafasi na jina nyumbani mwake, na nikalia, naye machozi yakamlenga. Wiki mbili baadaye afisa utumishi akaniita kuniuliza kuhusu "hali yangu". Sidhani kasisi alikuwa mbaya. Nadhani alidhani anaombea msaada. Lakini siri ya ofisini ina miguu. Ukitaka mtu wa kumwambia, mtafute nje ya orodha ya mishahara.

Mkataba ulipokwisha hawakuuhuisha, ingawa ulishahuishwa mara moja na nilikuwa na kila sababu ya kutegemea mwingine. Nikarudi Newala kujifungia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa jinsi na jinsia, ila watu kama sisi haitutaji. Hata hivyo malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapokelewa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Mimi nilikwenda siku ya 52, na barua zangu nusu sina. Lia, lakini hesabu siku.

Mtu atakutisha na kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu. Kile kinahusu tendo la kuingiliana kinyume cha maumbile, na adhabu yake ni kuanzia miaka 30 hadi maisha. Hakisemi lolote kuhusu unavyojitambua wala unavyovaa. Ila aliyekasirika hasomi vifungu, kwa hiyo picha na meseji za faragha usiziweke kwenye kompyuta ya kazini.

Kijana ameamua kwenda. Anaripoti mwezi ujao, na jana kaniomba namba ya fundi.