Barua kwa mwanangu: kwa nini Kinnick hakutua melini

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Umeniuliza: huyo Nile Kinnick mwenye jina kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani hapo Iowa City, Marekani, ikiwa ndege yake ya kivita ilikuwa inavuja oili na manowari yake ya kubebea ndege haikuwa mbali, mbona hakutua tu juu yake?

Wengi wanamjua kwa tuzo ya Heisman ya 1939, ya mchezaji bora wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu. Baadaye alisoma sheria mwaka mmoja hapo Chuo Kikuu cha Iowa, akaacha, akaingia urubani wa jeshi la majini la Marekani. Aliripoti kazini siku tatu kabla ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani huko Hawaii, Desemba 1941. Tarehe 2 Juni 1943 alikuwa mazoezini katika Ghuba ya Paria, kati ya Venezuela na Trinidad, ameruka na Wildcat, ndege ndogo ya kivita, kutoka USS Lexington, manowari mpya kabisa.

Injini ya Wildcat ina silinda 14 zinazopozwa na upepo, ila upepo haufiki kwenye beringi. Huko ndani ni oili peke yake inayolainisha na kuondoa joto. Ikivuja, mshale wa presha huchezacheza kisha hulala, joto linapanda, chuma kinasaga chuma, na mwishowe injini inakwama kabisa.

Na kutua melini ni kazi ya injini, hili watu hulisahau. Ndege huja chini, polepole, pua juu. Inashikiliwa na nguvu ya injini. Injini ikizima karibu na sitaha, ndege haifiki, au inafika vibaya. Siku ile sitaha ilijaa ndege zinazojiandaa kuruka, na watu kati yake.

Kwa hiyo aliteremka baharini, kama utaratibu unavyotaka: magurudumu yabaki ndani, kifuniko cha chumba cha rubani kifunguliwe na kufungiwa kisirudi, mikanda ya mabega ikazwe, mkia uguse maji kwanza. Mkanda ukilegea, uso unagonga kifaa cha kulengea shabaha. Halafu uzito mwingi uko puani, Wildcat inazama upesi. Rubani aliyezimia hana muda.

Ilikuwa kama maili nne kutoka melini. Boti ilifika baada ya dakika nane hivi, ikakuta utando wa mafuta tu. Alikuwa na miaka 24, na mwili haukupatikana. Mdogo wake Ben, rubani pia, alikufa vitani mwaka uliofuata.

Jina la uwanja ni la 1972. Kwangu mimi, uamuzi wa kuiepuka sitaha unaishinda Heisman.

Baba yako