Je, saa za kumuuguza mama ni saa zilizopotea?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina watoto wawili, nauza maandazi, na namuuguza mama yangu aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Kaka zangu wapo ila huishia kupiga simu kumjulia hali. Kwenye darsa moja tuliambiwa kila usiku tuandike kwenye daftari saa tulizoitumikia Akhera na saa tulizoitumikia dunia, na kwamba saa isiyokuwa ya swala, dhikri au Qur'ani imepotea. Kwangu upande wa dunia ndio hujaa: kukanda unga, kuchoma maandazi, kumwogesha mama, kumgeuza, kufua mashuka yake. Upande wa Akhera ni swala tano tu, na Alfajiri mara nyingine naiswali jua limeshatoka kwa sababu mafuta yako motoni. Nalia kila nikilifungua daftari. Nitafute mtu wa kukaa na mama ili nipate muda wa ibada?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu. Mwenyezi Mungu amponye mama yako. Barua yako imenisononesha, maana si ya kwanza ya namna hii kunifikia, na kila mara anayelia ni mtu aliyebeba mzigo ambao wengine wameukwepa.

Kujihesabu ni haki. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Hashr kwamba kila nafsi iangalie imetanguliza nini kwa ajili ya kesho, na Sayyidna Umar amepokewa akisema: jihesabuni kabla hamjahesabiwa. Hilo hatugombani nalo. Ninachokikataa ni ule mstari mliochorewa katikati ya ukurasa. Nani aliyewaambia kumwogesha mama kunaandikwa upande wa dunia?

Wanaosema hivyo hushika aya ya Suratudh Dhariyat, kwamba majini na watu hawakuumbwa ila wamwabudu Mwenyezi Mungu. Aya ni ya haki, lakini wameifinya ibada mpaka ikabaki kwenye mswala peke yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrishwa katika Suratul An'am aseme kwamba swala yake, ibada zake, uhai wake na kufa kwake ni kwa Mwenyezi Mungu. Uhai wote umetajwa pamoja na swala. Muadh bin Jabal, sahaba wa Mtume, alimwambia sahaba mwenzake Abu Musa kwamba yeye hutaraji thawabu katika usingizi wake kama anavyozitaraji katika kusimama kwake usiku kuswali. Ikiwa usingizi wa Muadh una hesabu kwa Mola wake, kukesha kwako kando ya kitanda cha mgonjwa kutakosaje?

Tazama hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Walipokata tamaa, kila mmoja alimwomba Mwenyezi Mungu kwa amali aliyoitarajia zaidi. Mmoja alitaja maziwa. Aliwakuta wazazi wake wazee wameshalala, akasimama na chombo mkononi mpaka alfajiri, wanawe wakilia njaa miguuni pake, kwa kuwa hakutaka kuwaamsha wala kumtanguliza mtu mbele yao. Mwingine alitaja ujira wa kibarua aliouhifadhi na kuukuza mpaka mwenyewe aliporudi. Wa tatu aliiacha zinaa ilipokuwa mikononi mwake. Hakuna aliyetaja rakaa wala khitma, na jiwe lilisogea. Mwalimu wa darsa yako angeyaandika maziwa yale upande gani?

Na katika hadithi nyingine yumo Jurayj, aliyekuwa mwabudu hasa. Mama yake alimwita naye yumo kwenye swala, akaendelea kuswali, mama akamwombea dua mbaya, nayo ikampata. Imamu Nawawi, mfafanuzi wa hadithi, amenakili kwamba wanazuoni walisema lililo sawa kwake lilikuwa kumwitikia, kwa kuwa ile ilikuwa swala ya sunna. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana. Usimwache mama yako kwa ajili ya ibada za sunna. Ukipata mtu wa kukupokea ili upumzike au ulale, hilo ni jema, nawe mwili wako una haki juu yako.

Hata hivyo sitakuficha. Wapo wanaodhani nia njema inageuza kila kitu kuwa ibada, na hao pia wamekosea, kwani nia haihalalishi haramu wala haiondoi faradhi. Hasara ya kweli katika daftari lako nimeiona, nayo ni Alfajiri. Kuichelewesha kwa makusudi mpaka jua litoke ni dhambi kubwa, na mafuta ya moto si udhuru. Adhana ikilia, ipua karai, funika donge, swali rakaa zako mbili za faradhi, kisha rudi jikoni. Wateja watasubiri dakika hizo. Kama zipo swala zilizokupita bila kuziswali, zilipe, na utubu kwa Mola wako.

Daftari lile liache. Usiku jiulize tu: riziki ya leo ilikuwa ya halali? Nilimgeuza mama kwa upole, au nilimnung'unikia? Ukiona ulimkemea, mwombe radhi kabla hajalala, hata kama hawezi kukujibu. Na kila unapoingia chumbani kwake na beseni la maji, fanya nia upya kwamba unamtafuta Mwenyezi Mungu. Hilo halikuongezei hata dakika moja ya kazi.

Kuhusu kaka zako, usinyamaze. Kumhudumia mama ni wajibu wao pia, na salamu za simu haziwatoi katika wajibu huo. Mtume alipojiwa na mtu anayetaka kwenda jihadi, alimuuliza kama wazazi wake wako hai, akamwambia jihadi yake iwe kwao. Wasomee jibu hili. Asiyeweza kuja na atume pesa za dawa, sabuni na mtu wa kukusaidia kufua, na aliye karibu achukue usiku mmoja au miwili kwa wiki. Wakikataa, mpeleke mzee wa ukoo au imamu wa msikiti wenu akazungumze nao.

Wallahu aalam.