Mpiga Besi Mwenzangu, Jifunze Kuiachia Nota

Jumamosi iliyopita nilipiga besi kubwa, ala ya nyuzi yenye sauti nzito kuliko chelo na fidla, katika Konseto ya 3 ya Brandenburg ya mtunzi Johann Sebastian Bach, na katikati ya onyesho mpiga harpsikodi, ile ala ya kibodi ya zamani inayodonoa nyuzi, aligeuka akanitikisia kichwa kwa kuridhika. Ninaandika furaha hiyo ikiwa bado mbichi, kwa kuwa miaka minane iliyopita muziki wa Baroko, yaani muziki wa Ulaya wa takriban 1600 hadi 1750, ulinitoa jukwaani nikiwa nimeinamisha uso.

Ulikuwa usaili wa kikundi kidogo cha muziki wa kale. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi mitatu. Vidole vilikuwa vyepesi, na sauti yangu ilikuwa nene isiyokatika, kama nilivyofundishwa kwa ajili ya okestra kubwa za karne ya 19. Kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, mmoja wa wasaili aliinua mkono akaniambia kwamba napiga kama mtu anayeburuta kabati sakafuni, na wenzake wakacheka. Fundo lile bado liko kooni. Kicheko kile sikustahili, ila kuhusu muziki wenyewe msaili yule alisema kweli.

Nilikuwa nikishughulikia namna nota inavyoanza na kupuuza namna inavyokwisha. Uzi wa E wa besi, ule wa sauti ya chini kabisa, hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na ukiutazama kwa karibu baada ya kuondoa upinde utauona bado unayumba juu ya shingo ya ala kama ukungu mwembamba. Katika baso kontinuo, ambamo chelo, besi na harpsikodi hubeba msingi wa muziki wote, mabaki hayo ya sauti huvamia nota inayofuata na kufuta hatua za ngoma; na sehemu kubwa ya muziki wa Baroko imejengwa juu ya hatua za ngoma.

Nilianza upya. Kila asubuhi nilipiga nota nne tu, nikiupa upinde uzito mwanzoni mwa nota, kisha nikiulegeza na kuuinua kabla pigo halijaisha: la kwanza zito, la pili jepesi, la tatu zito kiasi, la nne jepesi kuliko yote. Miezi ilipita hivyo, na sina haja ya kuisimulia. Kisha mwenzangu mmoja akaniazima upinde wa mtindo wa kale, ambao fimbo yake imebinuka kwenda nje na ncha yake ni nyepesi, na kwa dakika kumi nikasikia kile nilichokuwa nikikitafuta: nota ilififia yenyewe kadiri mkono ulivyokaribia ncha. Huhitaji kuumiliki upinde huo. Unahitaji kuusikia mara moja, kisha ufanye vivyo hivyo kwa ule ulio nao. Inua upinde. Nitalirudia hili hata unichoke.

Liko pia suala la nota zilizo chini ya E. Mara nyingi mpiga besi husoma mstari uleule wa chelo, ambayo uzi wake wa chini kabisa ni C, hali sisi wenye nyuzi nne tunaishia E. Usisubiri ukwame ndipo urukie oktava ya juu, yaani nota zilezile kwa sauti ya juu zaidi, katikati ya kifungu, maana msikilizaji atahisi sakafu imepasuka. Panda mapema, kifungu kinapoanza, ushuke kinapokwisha.

Nawe unayetamani, kama mimi, kusimama kando ya harpsikodi, acha kuuona ukubwa wa ala yako kuwa ndio heshima yako. Wapiga fidla hawakuhitaji uwafunike. Wanakuhitaji uwaonyeshe pigo lilipo, kisha uwaachie nafasi. Wengi hawataki kuambiwa hivyo, na miaka ile nami sikutaka.

Sehemu ya pili ya konseto ile, kwenye karatasi, ni fupi mno: okestra nzima hupiga pamoja mara mbili tu, polepole, na sehemu imekwisha. Nota hizo mbili nilizifanyia mazoezi kuliko ukurasa mwingine wowote. Jumamosi niliipiga ya pili, nikauinua upinde, nikaweka kiganja cha kushoto juu ya nyuzi zote nne, na harpsikodi ikabaki ikisikika peke yake hadi ilipofifia. Hapo ndipo alipogeuka.