"Wamoro na Wakristo" katika sufuria moja

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mume wangu anafanya kazi na daktari kutoka Kuba. Mwezi uliopita alitualika kwake, akatupakulia wali uliopikwa pamoja na maharage meusi. Nilipouliza jina lake akasema ni "moros y cristianos", yaani Wamoro na Wakristo, na kwamba Wamoro ndio Waislamu. Chakula kilikuwa kitamu, ila jina limenikwama kooni, maana sisi ni Waislamu. Je, ni dharau? Na mbona mkewe alikiita "congrí"? – Mama Z., Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilisoma Santiago de Cuba miaka sita, na hicho ndicho chakula kilichonilea, kwa hiyo nakujibu kwa moyo wote.

Maharage ndiyo Wamoro, wali ndio Wakristo. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711 wakatawala sehemu kubwa ya nchi kwa karne nyingi, mpaka Granada, ngome yao ya mwisho, ilipoanguka vitani Januari 1492. Oktoba mwaka huohuo Columbus, baharia aliyetumwa na Hispania, akatia nanga Kuba. Wahispania waliohamia kule walikwenda na kumbukumbu ya vita hivyo. Hadi leo, katika mji wa Alcoy kwao Hispania, kila mwaka, kwa kawaida Aprili, watu hujigawa Wamoro na Wakristo wakaigiza mapigano barabarani. Sikufichi, jina ni la upande ulioshinda. Lakini mezani Kuba sijalisikia hata siku moja likitamkwa kwa kejeli.

Tena huyo anayeitwa Mkristo, yaani wali, alifikishwa Hispania na Waislamu haohao. Ndio waliostawisha mashamba ya mpunga Valencia, na neno la Kihispania "arroz" ni "ar-ruzz" la Kiarabu. Maharage nayo ni zao la Amerika, wenyeji waliyalima kabla meli ya Mzungu haijaonekana. Mmoro wa sufuriani hajawahi kukanyaga Moroko! Mwanangu, nikikumbuka hayo, jina hilo halinichomi.

Congrí ni ya mashariki, Santiago na Guantánamo, na maharage yake ni mekundu. Watumwa wa Haiti, koloni la Ufaransa wakati huo, walipoasi mwaka 1791, walowezi wa Kifaransa walikimbilia Kuba na watumwa wao, wakafungua mashamba ya kahawa milimani. Mtaalamu wa utamaduni wa Kuba, Fernando Ortiz, alieleza kuwa neno lilitoka huko Haiti: "kongo" ni hayo maharage, "ri" ni wali. Siku hizi wengi wa Havana huita congrí hata ile ya maharage meusi. Mama aliyenipangisha chumba asingekubali kamwe; kwake congrí ni nyekundu, basi.

Yeye aliloweka maharage usiku kucha, akayachemsha polepole, na yale maji yake hakumwaga hata tone, kwani ndiyo yanayoupa wali rangi na ladha. Pembeni alikaanga kitunguu, kitunguu saumu, hoho la kijani, bizari nyembamba na oregano mpaka harufu ifike uani. Kisha mchele, maharage na maji yake, mfuniko, moto mdogo. Ukoko wanauita "raspa", na wajukuu zake waliugombania kama tulivyougombania sisi kwa bibi. Usiku wa tarehe 24 Desemba, sahani hiyo hukaa kando ya nguruwe wa kuchoma na mihogo iliyomwagiwa kitunguu saumu na maji ya machungwa machungu.

Hapo kwenye nguruwe ndipo penye swali lako la kweli, mwanangu. Wengi Kuba hukaanga viungo hivyo kwa mafuta ya nguruwe, na wengine hutia vipande vya nyama yake. Muulize daktari kabla hujapakua tena. Ni swali la kawaida, hatakasirika. Mimi nilikaa wiki mbili nikiona haya kuuliza. Nilipomwambia mama yule kwamba sili nguruwe, hakusema neno. Mafuta ya kupikia kule yalikuwa ya mgao, yanachukuliwa kwa kitabu cha mgao cha serikali kilichoanza mwaka 1962, na hayakuwahi kufika mwisho wa mwezi. Hata hivyo, tangu jioni ile alinitengea chupa ndogo ya mafuta hayo juu ya kabati, na kisufuria changu peke yangu.