Mikwaruzo kwenye rangi ya mati: usikubali polishi kabla hujajua alama hiyo ni ya nini

Ndugu aliyeuliza afanye nini ana gari la kijivu lenye rangi ya mati, yaani isiyong'aa. Mlango wake umekwaruzwa na usukani wa bodaboda kwenye foleni, na fundi amemshauri alipeleke likapigwe polishi. Ninamwomba asikubali. Ninalo gari la rangi ya namna hiyo hapa Dar es Salaam, na kwa niliyoyaona, ushauri huo huziharibu rangi hizi kuliko mikwaruzo yenyewe.

Rangi ya mati haing'ai kwa sababu klia yake, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, huwa na chembe ndogo sana, aghalabu za silika, zinazoufanya uso uwe na vinundu visivyoonekana kwa macho, hivyo mwanga ukiangukia hapo hutawanyika. Kazi ya polishi ni kusawazisha uso. Kwenye gari la kawaida hilo ndilo tunalolitaka, lakini kwenye mati huacha doa linalong'aa ambalo hakuna dawa ya kulirudisha lilivyokuwa. Ndiyo maana maelekezo ya Mercedes-Benz kwa magari yenye rangi za magno, yaani rangi zake za mati, hukataza polishi na nta.

Anza kwa kuosha sehemu hiyo kwa maji mengi na shampuu ya gari isiyo na nta, mchanga wote utoke, kisha pitisha ukucha taratibu ukiukatiza mstari. Usiponasa, huenda unachokiona ni mpira au rangi ya kitu kilichokugusa. Bajaji iliwahi kuniachia kwenye bampa la nyuma mstari mweusi, mrefu kama kiganja, ambao kila aliyeuona alidhani rangi imechanika. Nililowesha kitambaa cha maikrofaiba kwa spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikakilaza juu ya mstari kwa muda, kisha nikafuta kuelekea upande mmoja bila kukandamiza. Weusi ulihamia kwenye kitambaa, pakabaki alama nyembamba kama unywele, inayoonekana tu jua la jioni likipiga kutoka ubavuni. Hiyo nimeiacha, kwa kuwa kuisugua kungeleta doa pana kuliko yenyewe. Thina isikaribie kabisa.

Hakikisha pia kwamba ni rangi kweli, si stika ya mati iliyobandikwa juu ya rangi. Kingo za ndani za mlango zitakuonyesha. Baadhi ya stika hupoteza mikwaruzo myepesi zikipata joto la maji ya moto, jambo ambalo usilitegemee kwenye rangi.

Ukucha ukinasa, jiandae kupiga rangi mlango mzima. Mati haiungwi katikati ya mlango, kwa sababu mpaka wa klia mpya na ya zamani hauwezi kufichwa kwa polishi. Mtake fundi apige kwanza kwenye kipande cha bati, kikauke, mkilinganishe juani na mlango mwingine wa gari hilo ulio kando yake. Simama uone anavyolikoroga kopo la klia hadi chini, maana chembe za silika hutuama. Mlango wangu uliporudiwa rangi, kipande cha kwanza cha majaribio kiling'aa kuliko gari. Kopo lilipokorogwa upya, kilichofuata kililingana, na hapo ndipo nilipomruhusu fundi aanze kazi.