Seva ya FOG ikigoma, anzia pale mashine ilipokwama

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa mafundi wenzangu ni mfupi: «Kaka, FOG imegoma.» Nami hujibu kwa swali moja: skrini ya mashine inasema nini? Wengi hawana jibu. Waliona maandishi meupe kwenye skrini nyeusi, wakazima mashine, wakaenda kuipiga seva upya tangu mwanzo. Seva inapigwa, tatizo linabaki palepale, na siku imeisha.

Kwa asiyeijua, FOG ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2007 na Chuck Syperski na Jian Zhang. Unaiweka kwenye kompyuta moja yenye Linux. Halafu unaandaa mashine moja ya mfano, yenye Windows, printa na programu zote za wanafunzi, unachukua imeji yake, yaani nakala ya diski nzima, na kuishusha kwenye mashine nyingine kupitia kebo ya mtandao. Aliyewahi kuzunguka na flashi akipiga Windows mashine mojamoja kwenye maabara ya shule anajua unafuu wake. Inaniuma kweli kuona shule inaacha mfumo mzuri hivi, usiodai leseni, kwa kosa ambalo lingetibika kabla ya chai ya saa nne.

Kwanza uielewe njia yenyewe. Kuanzia mashine inapowashwa mpaka data inapoanza kuandikwa kwenye diski, kazi inapita mkono kwa mkono kama kijiti cha mbio za kupokezana. Kadi ya mtandao, kwa utaratibu wa kuwaka kupitia mtandao uitwao PXE, inaomba anwani kwa DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao. DHCP inaipa anwani pamoja na mambo mawili zaidi: seva ya kuifuata, ambayo ni chaguo la 66, na jina la faili la kuchukua, chaguo la 67. Kadi inalichukua faili hilo kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha faili, poti 69 ya UDP. Faili lenyewe ni iPXE, programu ndogo ya kuwashia mashine kupitia mtandao, nalo likishaamka linaomba anwani upya, kisha linaifuata menyu ya FOG kwa HTTP. Ukichagua kazi, inashuka Linux ndogo, ambayo nayo inaomba anwani kwa mara ya tatu, inaunganisha folda ya /images iliyoko kwenye seva kwa NFS, njia ya kushiriki folda mtandaoni, ndipo Partclone, programu ya kunakili diski, inaanza kazi. Ukiwa unachukua imeji badala ya kuishusha, mwishoni kabisa kuna FTP ya kuhamisha faili.

Kumbuka hilo la kuomba anwani mara tatu, nitalirudia. Kwa sasa shika hili: kila hatua ina mwenye nayo, na ukijua kijiti kimeangukia wapi huna sababu ya kugusa hatua nyingine.

Skrini yenyewe inakuambia. PXE-E61 ni kebo au poti ya swichi, usifike hata kwenye seva. PXE-E51, au PXE-E16 kwenye mashine za UEFI (mfumo wa kuwasha uliochukua nafasi ya BIOS), maana yake kadi imeomba na hakuna DHCP aliyeitikia. PXE-E53 maana yake anwani imepatikana lakini hakuna aliyetaja jina la faili. PXE-E32 maana yake jina la faili limefika lakini TFTP haijibu; hapo angalia fayawoli ya seva, kisha uangalie kama huduma ya TFTP iko hewani.

E53 ndiyo ninayokutana nayo zaidi kwenye shule na ofisi ndogo, kwa sababu DHCP yao ni rauta ya kampuni ya intaneti, na rauta nyingi za namna hiyo hazina pa kuandika chaguo la 66 na 67. Usibishane na rauta. Weka dnsmasq kwenye seva ya FOG kama DHCP msaidizi. Rauta inaendelea kugawa anwani kama kawaida, dnsmasq inaongezea jina la seva na faili tu. Inafanya kazi vizuri sana mradi vyote viko kwenye mtandao mmoja. Ila angalia kama hakuna rauta ya pili ya Wi-Fi ambayo mtu ameichomeka ukutani ili apate intaneti ya simu. Hiyo nayo inagawa anwani zake, na utaona ajabu: mashine tatu zinapata menyu, ya nne haipati, ukiizima na kuiwasha inapata.

Ukishindwa kujua nani anajibu nini, acha kubahatisha. Kwenye seva andika amri hii ya kunasa mawasiliano ya mtandao:

tcpdump -w fog.pcap port 67 or port 68 or port 69 or port 4011

Washa mashine yenye shida, subiri igome, simamisha, kisha fungua faili hilo kwa Wireshark, programu ya kuyasoma mawasiliano hayo. Utaona kila aliyeitikia ombi la anwani na alichokisema. Rauta iliyochomekwa kinyemela inaonekana hapo na anwani yake kamili.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni BIOS ya zamani na UEFI. Mashine ya BIOS inataka undionly.kpxe, ya UEFI inataka ipxe.efi au snponly.efi. Chaguo la 67 likiwa limeandikwa faili moja tu, nusu ya maabara itawaka na nusu itagoma, hasa pale ambapo kompyuta za msaada zilizotumika zimechanganywa na mpya. Mashine yenyewe hujitambulisha ikiomba anwani, kupitia chaguo la 93: sifuri ni BIOS, 7 au 9 ni UEFI ya biti 64. Kwa hiyo dnsmasq inaweza kupangwa iipe kila mashine faili lake. Kwenye UEFI zima pia Secure Boot, kinga inayokataa programu za kuwashia zisizo na saini inayoitambua. Na kama menyu inafunguka vizuri lakini FOG inasema haioni diski, nenda kwenye mipangilio ya mashine ubadili hali ya diski kutoka RAID au Intel VMD kwenda AHCI. Fanya hivyo kabla ya kuandaa mashine ya mfano, kwa sababu Windows iliyowekwa kwenye hali moja inaweza kukataa kuwaka kwenye nyingine. Mashine kuukuu zina kero yao ya ziada: betri ndogo ya ubao ikifa, umeme ukikatika mipangilio yote inarudi ya kiwandani, na jana yako yote imefutika. Badilisha betri kwanza.

Sasa nirudi kwenye kuomba anwani mara tatu. Kuna tatizo moja linalowatesa mafundi wazuri kabisa. Mashine inawaka, inapata anwani, inachukua faili, iPXE inaanza, halafu inakaa kwenye mstari wa «Configuring» na nukta zinaongezeka, mwishowe inasema imeshindwa. Fundi anasema haiwezekani DHCP iwe na shida, si imetoa anwani sasa hivi tu? Kweli, DHCP haina shida. Tazama taa ya poti kwenye swichi. Kadi inapopokewa na iPXE, taa inazimika kidogo na kuwaka tena. Swichi yenye kinga ya mizunguko, ile Spanning Tree, ikiona poti imewaka upya inasikiliza kwa sekunde 15 na kujifunza kwa sekunde 15 kabla ya kuruhusu data. Hizo ni sekunde 30, na iPXE imeshakata tamaa. Hali hiyohiyo inajirudia Linux ndogo inapochukua kadi.

Kuna kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Chukua swichi ndogo ya poti tano, ile isiyo na mipangilio yoyote, ichomeke katikati ya mashine na swichi kubwa. Taa itazimika upande wa swichi ndogo tu, swichi kubwa haitajua kitu. Mashine ikiwaka hapo hapo, umepata jibu: washa PortFast (poti isisubiri hizo sekunde 30), au jina lolote ambalo swichi yako imelipa, kwenye poti za kompyuta za kawaida. Usiizime Spanning Tree yenyewe, maana siku mwanafunzi akichomeka ncha mbili za kebo moja kwenye swichi hiyohiyo, mtandao mzima utalala. Ile swichi ndogo ninatembea nayo kwenye begi pamoja na kebo ninayoiamini, nayo imeniokoa kuliko programu yoyote.

Kama swichi ndogo haikusaidia na Linux ndogo inaendelea kulalamika kwamba haifiki kwenye seva, huenda kadi ya mtandao ni mpya kuliko kerneli yako, yaani kiini cha hiyo Linux ndogo. Kwenye ukurasa wa wavuti wa FOG, ule unaoufungua kwa kivinjari, kuna sehemu ya kushusha kerneli mpya zaidi. Ni suala la kubofya.

Tatizo lenye vilio vingi zaidi, kwa ninavyoona, ni seva iliyobadilishwa anwani ya IP. Maabara imehamia jengo jingine, au rauta imebadilishwa, seva ikapewa anwani mpya, na hakuna aliyefikiri kwamba FOG imeiandika ile ya zamani mahali pengi. iPXE inapakiwa salama, halafu inasema «Chainloading failed». Inaitafuta menyu kwenye anwani ambayo haipo tena. Fungua /tftpboot/default.ipxe utaiona kwa macho yako. Anwani hiyo imo pia kwenye /opt/fog/.fogsettings, kwenye mipangilio ya FOG katika ukurasa wa wavuti, na kwenye maelezo ya sehemu ya kuhifadhia imeji. Rekebisha .fogsettings, endesha tena kisakinishi cha FOG, kisha ingia kwenye ukurasa ukahakiki hizo mbili za mwisho kwa mkono, kwa sababu ndizo zinazosahaulika. Halafu ipe seva anwani ya kudumu, na uitoe anwani hiyo kwenye orodha ya zinazogawiwa na DHCP.

Twende kwenye kuchukua imeji. Unasubiri, Partclone inafika asilimia mia, unafurahi, halafu mashine inakwama ikisema imeshindwa kusasisha hifadhidata au kuhamisha faili. Hapo usirudie kazi. Imeji yako ipo salama ndani ya /images/dev, kwenye folda iliyopewa jina la anwani ya MAC ya mashine (namba ya kadi yake ya mtandao), bila nukta pacha. Kilichoshindikana ni FTP tu. FOG inatumia mtumiaji wa Linux aitwaye fogproject kuhamisha folda hiyo kwenda mahali pake, na nenosiri lake lililoko kwenye Linux halilingani na lililoandikwa kwenye sehemu ya kuhifadhia imeji. Kwa kawaida kuna mtu alilibadilisha akidhani ni akaunti ya kuingilia ukurasa wa wavuti. Jaribu kuingia kwa FTP ukiwa kwenye seva yenyewe kwa jina hilo. Ukikataliwa, yafanye manenosiri yafanane pande zote, pamoja na kwenye .fogsettings. Ile folda iliyokwama ihamishe kwa amri ya mv kwenda /images, uipe jina lilelile la njia uliloliandika kwenye maelezo ya imeji. Imeji itashuka kama kawaida.

Kuchukua kukikwama katikati, andika df -h kwenye seva uone nafasi iliyobaki kwenye diski. Ubuntu Server ikiwekwa kwa LVM, utaratibu wa Linux wa kugawa diski, mara nyingi haitumii diski yote. Unanunua diski kubwa, kumbe mfumo umejichukulia sehemu tu na iliyobaki imekaa bure. lvextend inaipanua, resize2fs inakamilisha. Na kama NFS inalalamika kuhusu .mntcheck, hilo ni faili tupu linalotakiwa kuwemo ndani ya /images na ndani ya /images/dev. Aliyehamishia imeji kwenye diski mpya kwa kunakili alilisahau kwa sababu limefichwa. Litengeneze kwa touch.

Upande wa Windows sitakawia. Iwapo Partclone inakataa diski, Windows haikuzimwa kikamilifu. Andika powercfg /h off kwenye mashine ya mfano ili izimike kabisa, zima BitLocker (kufuli la diski la Windows) na usubiri imalize kufungua diski yote, ndipo uchukue.

Kasi nayo ina hesabu yake. Swichi ya megabiti 100 haipitishi zaidi ya megabaiti 12 kwa sekunde. Imeji ya GB 20 ni kama dakika 28 kwa mashine moja. Mashine kumi kwa pamoja, kila moja ikivuta nakala yake kupitia kebo ileile ya seva, zinakaribia saa tano. Swichi ya gigabiti inabadilisha kila kitu, na ni pesa ambayo ningeishauri shule yoyote iitumie kabla ya kununua seva kubwa, kwa sababu seva ya FOG yenyewe haina kazi nzito: mashine inayoshushiwa imeji ndiyo inayoifungua ile data iliyobanwa. Multikasti pia husaidia, data inatoka mara moja na wote wanaipokea, lakini wote wanaenda kwa mwendo wa mashine iliyo taratibu kuliko zote. Itoe ile yenye diski inayokufa, uishushie peke yake baadaye.

Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, nakili hifadhidata ya FOG nje ya seva kila unapomaliza kazi kubwa. Kwenye ukurasa wa mipangilio kuna pa kuishushia. Ikipotea hifadhidata lakini folda ya /images ikasalimika, sajili imeji upya kwa jina la njia lilelile na aina ileile, itatumika. Imeji zenyewe ziweke nakala kwenye diski ya nje, na diski hiyo isikae chumba kimoja na seva.